Budha na Lugha ya Mwenyewe

Katika vitabu vya kanuni za watawa wa Kibudha, vilivyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, mna kisa kifupi ambacho sisi walimu wa lugha yafaa tukisome kwa makini. Watawa wawili ndugu, wazaliwa wa ukoo wa Kibrahmani, wenye sauti nzuri na ufasaha wa kusema, walimwendea Budha kulalamika. Watawa wenzao, walisema, ni watu wa nasaba na makabila mbalimbali, nao wanayaharibu maneno ya mwalimu kwa kuyasema kila mtu kwa lafudhi yake. Wakaomba ruhusa wayatie katika mtindo wa tungo za Veda, uliotukuzwa na wanazuoni wa Bara Hindi. Budha aliwakemea, akaagiza mafundisho yasomwe kwa “lugha ya mwenyewe”.

Mwenyewe nani? Hapo ndipo wafafanuzi walipogongana. Buddhaghosa, wa karne ya 5 baada ya Kristo, alishika kwamba ni lugha ya Budha mwenyewe, yaani ya nchi ya Magadha. Wataalamu wengi wa siku hizi husema ni lugha ya kila msikilizaji. Mimi naelekea upande wa hawa wa pili, kwani malalamiko yalihusu wingi wa lafudhi, na mlalamikaji ndiye aliyekemewa. Nakiri kwamba kisa hiki hunichoma. Nimewahi kumkatiza mwanafunzi aliyekuwa akieleza jambo zuri, kwa sababu tu alitamka “r” mahali pa “l”. Alinyamaza, wala hakuimaliza habari yake.

Mfalme Ashoka, aliyeanza kutawala mnamo mwaka 268 K.K., alifuata njia hiyo ya lugha za watu. Aliiteka nchi ya Kalinga kwa vita ambavyo, kwa maneno yake mwenyewe, viliua watu 100,000 na kuwahamisha wengine 150,000. Kisha akachonga majuto yake miambani, si kwa Kisanskriti bali kwa lugha za kawaida. Huko Kandahar, Afghanistan, mwaka 1958 liligunduliwa tangazo lake kwa Kiyunani na Kiaramu. (Ajabu ni kwamba katika Kalinga kwenyewe tangazo la majuto halikuchongwa.)

Lakini miamba ilibeba maneno ya mfalme tu. Mafundisho yenyewe yalikaa vichwani mwa watawa kwa karne kadhaa, hata njaa na vita vilipoikumba Sri Lanka katika karne ya 1 K.K. Mapokeo yasema kwamba kitabu kimoja, Mahaniddesa, kilibaki kichwani mwa mtawa mmoja tu, naye mwenye mwenendo mbaya. Mtawa mwadilifu aliyeombwa akajifunze kwake alisita. Akashawishiwa, akaenda, akaketi mbele yake hata akakihifadhi chote. Katika karne hiyohiyo, huko Aluvihara, watawa waliamua kuyaandika yote.