Dhima ya Utoaji Mimba katika Maadili ya Dini

Utoaji mimba, katika maadili ya dini, ni kuiangamiza mimba kwa kukusudia. Mimba iliyotoka yenyewe haimo katika maana hiyo. Dhima inayoelezwa hapa ni ile ya mbele ya Mungu. Kosa la jinai ni mlango mwingine, hata kama mtu mmoja aweza kuandamwa na yote mawili.

Kanisa Katoliki huhesabu dhima tangu mimba kutungwa, nayo haimwangukii mama peke yake. Waraka Evangelium vitae wa Papa Yohane Paulo II (1995) unamtaja baba anayemshinikiza mama au kumtelekeza, ndugu na marafiki, waganga na wauguzi, hadi watunga sheria. Orodha hiyo ni ndefu kuliko ile ya masengenyo ya mtaani, ambayo kwa kawaida ina jina moja tu, la msichana.

Dhambi hutofautishwa na adhabu. Kanuni ya 1397 ya Sheria za Kanisa, iliyokuwa ya 1398 kabla ya marekebisho ya 2021, humtenga na Kanisa papo hapo aliyetoa mimba, pamoja na washiriki ambao bila wao tendo lisingefanyika. Aliye chini ya miaka 16 haadhibiwi. Aliyesukumwa na hofu kubwa, au asiyejua, pasipo kosa lake, kuwa adhabu ipo, hatengwi papo hapo. Tangu 2016 kila padri ana mamlaka ya kuondolea dhambi hiyo.

Katika fikihi ya Kiislamu, kipimo kikuu ni hatua ya mimba. Roho hupulizwa zikitimia siku 120. Baada ya hapo kuitoa ni haramu, ila kwa kuokoa uhai wa mama. Kabla ya hapo madhehebu yametofautiana. Wamaliki wengi hukataza tangu tone kutulia tumboni, Wahanafi wengi huruhusu kwa udhuru, na Washafii, walio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, wamegawanyika. Ghazali, Mshafii aliyefariki 1111, aliiona kuwa jinai inayozidi uzito kila hatua.

Mbali na dhambi, fikihi hiyo huweka fidia ya mimba iliyoangamizwa, iitwayo ghura: sehemu moja ya ishirini ya diya (fidia ya mtu aliyeuawa), yaani ngamia watano. Mtoto akitoka hai kisha akafa, diya huwa kamili. Ghura hugawiwa warithi wa mtoto, na aliyesababisha harithi kitu, hata akiwa mama mwenyewe. Washafii huongeza kafara, ambayo leo ni kufunga miezi miwili mfululizo, lakini Wahanafi hawailazimishi.