Mlolongo wa 1988: Kura Iliyoonekana na Kila Mtu

Kila mchujo wa vyama unapoleta vurugu, huwa nasikia maneno yale yale hapa Kihoto, Naivasha, na nikija nyumbani Mombasa: "Turudishe mlolongo, kura haitaibiwa." Wengi wanaosema hivyo hawakuwahi kusimama kwenye mstari ule. Basi tukumbushane.

Juni 1982 Bunge liliingiza kifungu cha 2A katika Katiba, na KANU ikawa chama pekee halali. Uchaguzi uliendelea, lakini kila mgombea alitakiwa awe wa KANU. Kwa uchaguzi wa 1988 mchujo ulifanywa hadharani: mwezi wa Februari wanachama walipanga foleni nyuma ya mgombea, wakala wake au picha yake. Aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja kuwa mbunge. Kura ya siri ya Machi 21 ilibaki kwa maeneo ambayo hakuna aliyefikia kiwango hicho. Rais Moi hakuwa na mpinzani.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyekuwa kibarua wa shamba wakati huo, husema alimtaka huyu akasimama nyuma ya yule. Msimamizi wake alikuwa kwenye foleni, na chifu alikuwa kando akitazama. "Nilichagua kazi yangu," huniambia.

Na wizi je? Foleni haina karatasi. Watu wakishatawanyika, kinachobaki ni hesabu aliyoitangaza ofisa. Foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu, hakuna sanduku la kufungua wala kura za kuhesabu upya. Malalamiko yalienea. Viongozi wa makanisa walipinga, na jarida la Beyond la baraza la makanisa, NCCK, lililoandika juu ya udanganyifu huo, likapigwa marufuku mwaka huo huo.

Desemba 1990 KANU yenyewe iliuacha mlolongo. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa, na Desemba 29, 1992 tukapiga kura ya vyama vingi.

Ndugu zangu, mchujo mbovu dawa yake ni daftari safi la wanachama, mawakala wanaokesha na matokeo yaliyobandikwa mlangoni pa kituo. Mlolongo haukumzuia mwizi. Ulimfichua mnyonge tu.