Kwa Baiskeli Katika Nchi ya Ngitili

Wageni wanaokuja kutazama uzuri wa nchi yetu hupelekwa Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, wala hatuwalaumu wanaowapeleka huko. Lakini kijana wa shule ya sekondari aliyezaliwa Didia, katika Mkoa wa Shinyanga, mara nyingi hukua akiamini kwamba kwao hapana cha kutazamwa ila mbuga, ng'ombe na vumbi. Sisi wenyewe tulikuwa na imani hiyo kwa miaka mingi. Makala haya yametokana na siku tatu tulizozunguka kwa baiskeli tukianzia Didia, mwishoni mwa kiangazi, pamoja na mambo tuliyoyasoma na kuyasikia kabla na baada ya safari hiyo. Katika nchi tuliyoipita hapana lango, hapana kiingilio, wala hapana askari wa wanyamapori. Hata hivyo ni hifadhi, na historia yake ni kubwa kuliko tulivyodhani.

Tulichagua baiskeli kwa sababu baiskeli yenyewe ni sehemu ya historia ya Usukuma. Chombo hiki cha magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo nyuma kilipata umbo lake huko Uingereza mwaka 1885 kwa kazi ya John Kemp Starley, na miaka mitatu baadaye Dunlop akakitia mpira wa upepo. Tanganyika kilipandwa kwanza na wamisionari na maofisa. Mkulima alikitazama kikipita. Pamba ndiyo iliyokitoa kwa bwana mkubwa na kukileta nyumbani kwa mkulima. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka sana kusini mwa Ziwa Victoria, na wakulima, waliochoshwa na mizani ya wachuuzi, waliunda vyama vyao vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana katika shirikisho moja la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe kwanza, maana ng'ombe ndiye benki ya Msukuma. Kisha ikanunua bati, na baada ya bati ikanunua Raleigh.

Walimu wa historia watakumbuka kuwa miaka hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa migumu kisiasa. TANU ilipigwa marufuku Usukuma tangu mwaka 1954 hadi 1958, na katika mwaka huo wa 1958 wananchi wa Geita, waliokataa kuletewa baraza la mseto wa rangi wasilolitaka, walikwenda Mwanza kwa wingi kupeleka malalamiko yao. Serikali ya kikoloni iliweza kufunga ofisi ya chama. Haikuweza kufunga njia za kwenda kwenye vituo vya kununulia pamba, na huko ndiko watu walikokutana na kuzungumza.

Baadaye zilikuja Phoenix za China na Swala zilizoundwa Dar es Salaam, na katika miaka ya 1990 mji wa Shinyanga ukajulikana kwa baiskeli zake za abiria, ambazo watu waliziita daladala kama vile yale magari. Pikipiki zimeziondolea abiria wengi. Lakini bado utamwona mtu amefunga magunia matatu nyuma ya baiskeli, naye anaisukuma kwa mkono mmoja kana kwamba anamwongoza fahali.

Jambo la kwanza analojifunza mpanda baiskeli Didia ni udongo. Aliye ndani ya gari hajui anapita juu ya nini, lakini mwenye pedali anajua kwa magoti. Wasukuma waliupa kila udongo jina lake kabla hajaja mtaalamu yeyote na vipimo. Palipoinuka karibu na majabali pana luseni, mchanga unaolimeza gurudumu na kumfanya mtu ashuke na kukokota. Chini yake pana itogolo, ardhi ngumu inayokauka ikawa kama sakafu ya saruji, na hapo tulikwenda mbio tukicheka kama watoto. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa pamba na mpunga, unaopasuka wakati wa jua na kugeuka gundi wakati wa mvua. Mwanafunzi akiyajua majina haya matatu ameelewa kwa nini nyumba zimejengwa zilipojengwa, kwa nini mpunga uko kule na mtama uko huku, na kwa nini mwendesha baiskeli wa Shinyanga hubeba kijiti cha kuondolea matope.

Siku ya kwanza tulielekea kusini, upande wa Tinde na bonde la mto Manonga. Kwa macho ya harakaharaka bonde hili ni tambarare tu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1930 wanajiolojia walitangaza kuwa karibu na Tinde imeonekana mifupa iliyogeuka mawe, na katika miaka ya 1990 wataalamu wengine walilichunguza bonde zima kwa makini zaidi. Wakakuta mabaki ya viboko na ya jamaa za kale za tembo, yenye umri wa kati ya miaka milioni nne na milioni tano na nusu hivi. Nchi hii inayolia ukame ilikuwa na ziwa. Tulikaa juu ya baiskeli zetu, mguu mmoja chini, tukajaribu kuliona ziwa hilo, na hatukuweza. Jua lilikuwa kali mno. Tunawaomba walimu wa jiografia walio jirani wawapeleke wanafunzi wao, na wawakataze kuokota chochote.

Siku ya pili tulishika njia ya kaskazini. Katika nchi hii, upande wa Nindo, ndiko alikopita John Hanning Speke mwezi Julai 1858, akitoka Tabora, iliyoitwa Kazeh wakati huo, kulitafuta ziwa kubwa aliloambiwa habari zake na wafanyabiashara Waarabu. Vitabu vya zamani vya shule vilisema kwamba aliligundua ziwa hilo tarehe 3 Agosti. Tungependa kukumbusha kwamba aliongozwa na watu waliolijua ziwa hilo tangu utotoni, na kwamba msemaji wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, ambaye bila lugha yake msafara ule usingepata hata maji ya kunywa. Miaka 70 baadaye, mwaka 1928, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza ikipitia Shinyanga, na safari ya wiki nyingi ikawa ya mchana na usiku.

Tulilala Shinyanga mjini, na asubuhi tukaenda kuiona Shinyanga ya Zamani, iliyo nje kidogo ya mji. Hapa ndipo tulipotaka hasa kufika, na hapa msomaji atuvumilie, kwa sababu habari yenyewe ina mafundo.

Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Afrika Mashariki kwa wingi wa kutisha. Njaa na maradhi vikafuata, watu wakapungua, mashamba yakaachwa, na pori likarudi pale lilipokuwa limefukuzwa. Pori lilileta wanyama, na wanyama wakaleta mbung'o. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliona pori na mbung'o, wakadhani ndivyo nchi ilivyokuwa tangu kuumbwa. Mtaalamu wao, C. F. M. Swynnerton, ambaye alikuwa Mkuu wa kwanza wa idara ya wanyama wa pori wa Tanganyika, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o. Aina moja ya mdudu huyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa yake ilikuwa moto na shoka. Watemi waliagizwa kuwatoa watu, nao watu wakatoka kwa maelfu, wakafyeka na kuchoma.

Haingekuwa haki kusema kwamba kazi hiyo ilikuwa ya kipumbavu. Malale ni ugonjwa mbaya, na ng'ombe wa Wasukuma walipata malisho mapya. Lakini shoka likishapewa ruhusa halijui pa kukomea. Ufyekaji uliendelea mwaka baada ya mwaka, ng'ombe wakaongezeka, pamba ikataka mashamba, na kila jiko likataka kuni. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya mwanzo ya 1980 tunakumbuka mama zetu wakipika kwa mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, samadi ambayo ingepaswa kwenda shambani. Tunakumbuka pepo za vumbi zikisimama saa saba mchana kama nguzo. Watu wa mikoa mingine walituita watu wa jangwani.

Mwaka 1984 Mwalimu Julius K. Nyerere alizuru Shinyanga, akashtushwa na ukiwa alioukuta. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao kila mtu aliuita HASHI, nao ulidumu mpaka mwaka 2004. Mwanzoni maofisa walifanya kama maofisa wafanyavyo: walileta miche ya miti ya kigeni katika vikopo vya plastiki. Mingi ilikufa kiangazi cha kwanza. Ndipo walipoanza kuwauliza wazee, na wazee wakawatajia ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Hakuna mnyama anayeingia mpaka kiangazi kimekaza na nyasi za nje zimekwisha. Wakati huo hufunguliwa kwa ndama, kwa ng'ombe wagonjwa na kwa maksai watakaolima. Kuna ngitili ya mtu na kuna ngitili ya kijiji. Anayevunja sheria yake hujibu mbele ya dagashida, baraza la wananchi wenyewe, na sungusungu hulinda. Na katika ardhi iliyofungwa hivyo, chini ya nyasi, visiki vilivyofyekwa enzi za Swynnerton havikuwa vimekufa. Vilichipua. Mwaka 1986 eneo lililohesabiwa kuwa ngitili lilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa karne hii lilikuwa limezidi hekta 300,000.

Katika ngitili moja kando ya njia tulimkuta mzee ameketi chini ya mgunga akisokota kamba. Tulimwamkia, "Mwangaluka, babu," naye akatuitikia na kutukaribisha kivulini. Mmoja wetu, kwa mazoea ya ofisini, akasema jinsi Serikali ilivyoipanda miti hii vizuri. Mzee aliendelea na kamba yake kwa muda, kisha akatuambia kwa upole kwamba miti ile haikupandwa na mtu. Babu yake alikuwa na ngitili mahali pengine, nyuma ya boma lao la zamani. Mwaka 1974 walihamishiwa kijijini, na ile ngitili ikabaki bila mwenyewe. Haukupita muda mrefu ikawa imelishwa na kukatwa yote.

Hatukuwa na la kumjibu. Operesheni ya Vijiji ilileta shule, zahanati na visima, na wengi wetu tulisoma kwa sababu yake. Lakini ni kweli vilevile kwamba mtu aliyehamishwa kutoka penye boma lake aliacha nyuma yake mipaka, desturi na miti iliyokuwa ikilindwa na ukaribu wake. Sisi tulio watumishi wa Serikali tunawajibika kuliandika hilo katika kitabu cha Serikali, kama tunavyoandika sifa ya HASHI. Mkoloni alifyeka, na sisi pia, tukiwa na nia njema, tulifungua milango iliyokuwa imefungwa kwa hekima.

Mchana tulifika Mwadui, tukipitia Ibadakuli na Maganzo. Habari za Mwadui zinajulikana zaidi, kwa hiyo hatutakawia. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliukuta mwamba wa almasi mwaka 1940; mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, akampa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, kwa arusi yake. Williamson alikufa mwaka 1958. Katika miaka ya 1970 mgodi ulikuwa mali ya Serikali yote. Mwaka 1994 wageni wakarudi kuwa na hisa kubwa. Tulilitazama shimo kwa mbali, kupitia waya. Kijana mmoja wa Maganzo aliyetuzibia pancha alituuliza tumekuja kununua mawe? Tulipomwambia tumekuja kutazama miti, alikata kiraka chake kutoka tyubu kuukuu, akakisugua, akacheka peke yake.

Kurudi Didia tulipigana na upepo wa mbele njia nzima. Jua lilikuwa linazama tulipoikaribia ngitili ya mwisho kabla ya nyumbani. Mlango wake wa miiba ulikuwa umesogezwa kando, maana mvua ilikuwa bado, na watoto wawili walikuwa wakiwatoa ndama mmoja mmoja, wakihesabu kwa Kisukuma kwa sauti. Njia ilikuwa nyembamba. Tulishuka kwenye baiskeli, tukangoja mpaka wa mwisho akapita.