Posho ya mtoto: kutoka kwa kompani mpaka kwa Leta



Wengi wetu tuliishi kambini kule Kigoma, Nyarugusu na Lugufu. Kule karatasi ya posho ilihesabu vichwa: mtoto akizaliwa na kuandikwa, fungu la nyumba linaongezeka. Tulipoanza kurudi 2005, tulikuta kwetu hakuna anayehesabu watoto. Lakini Congo hii iliwahi kuwahesabu, na historia hiyo inatuhusu leo.

Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906. Mwanzoni ilichukua wanaume kwa miezi michache, bila bibi wala watoto. Magonjwa yaliua wengi, wengine walitoroka. Kuelekea 1928 ikabadili njia: mkataba wa miaka mitatu, nyumba ya familia, posho ya bibi na ya kila mtoto, materinite, kupima watoto kilo, na masomo. Haikuwa huruma. Kutafuta watu wapya mbali kulikula feza nyingi, na mtoto wa kambi njo alitazamiwa kuwa mfanyakazi wa kesho. Hata hivyo matunda yalionekana: vifo vya watoto kambini vilipungua, na wafanyakazi walikaa.

Gécamines ilirithi mpango huo. Halafu 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Shaba iliyokuwa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Mishahara ikakatika, na unga wa mtoto pia. Mtoto hakukosea kitu. Jina lake tu lilikuwa chini ya kazi ya baba. Na mtoto wa mkulima, wa mvuvi wa Tanganyika, wa mama mjane? Huyo hakuandikwa hata siku moja.

Upande wa Leta, miaka hiyohiyo wazazi njo walibebeshwa mshahara wa mwalimu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ni bure katika shule za serikali. Ikaanza kazi kweli Septemba 2019. Madarasa yalijaa kupita kiasi, na walimu wengine walibaki wakingoja kulipwa; lakini watoto waliokuwa wakifukuzwa juu ya minervali walirudi darasani. Mwaka 2023 kuzaa bure kulianza Kinshasa, kisha kukaenda katika provinsi zingine. Sheria ya Julai 2016 nayo inatoa posho ya familia kupitia CNSS, ila kwa mwenye mkataba wa kazi. Mtu wa shamba bado yuko inje.

Fundisho ni hili: msaada uliofungwa kwa kazi ya baba unakufa na kazi. Uliofungwa kwa mtoto mwenyewe unamfikia hata nyumba ikianguka.

Basi mambo mawili. Kwanza, mwandikishe mtoto kwa État civil mbele ya siku 90, ni bure. Waliozaliwa kambini, mlete karatasi zao tuwasindikize. Pili, katika mkutano mkuu tutaomba fuko letu la uzazi limhesabu mtoto, hata kama mzazi wake amechelewa kutoa mchango. Deni la mzazi tutalizungumza na mzazi. Uji wa mtoto haungoji.