Kupiga polishi gari: nini kinaondoka, nini kinabaki

Kwa familia nyingi gari ndiyo mali ya thamani kubwa baada ya nyumba, na kwa dereva wa teksi ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo maana swali hili linarudi kila tunapofungua simu kwenye kipindi: je, gari lililofifia rangi linaweza kung'aa tena kama lilivyotoka kiwandani? Jibu fupi ni kwamba linaweza kupendeza sana, lakini ni mara chache litakosa doa kabisa. Hapa tunaeleza sababu, ili usilipie kitu ambacho polishi haiwezi kukupa.

Rangi ni nyembamba kuliko unavyodhani

Magari mengi ya siku hizi yana tabaka tatu kuu juu ya bati: praima, rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka angavu ambayo mafundi wetu huiita klia. Gari likitoka kiwandani, unene wa tabaka zote kwa kawaida ni kati ya mikroni 100 na 150. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chukua karatasi ya kawaida ya fotokopi: unene wake ni karibu mikroni 100. Klia peke yake mara nyingi ni mikroni 35 hadi 50, yaani kama nusu ya karatasi hiyo au pungufu.

Mng'ao unatoka kwenye klia. Ikiwa laini, mwanga unarudi moja kwa moja na unajiona kama kwenye kioo. Ikijaa mikwaruzo midogo, mwanga unatawanyika na gari linaonekana limechoka. Rangi nyeusi huonyesha mikwaruzo hiyo kuliko nyeupe au ya fedha.

Polishi hufanya kazi kwa kupunguza

Watu wengi huamini polishi inajaza mkwaruzo. Ukweli ni kwamba polishi, na zaidi kompaundi, ina chembechembe zinazosaga klia. Ili mkwaruzo wenye kina cha mikroni 3 upotee, klia yote inayouzunguka lazima ipungue mikroni 3. Ikishaondoka hairudi, na klia ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua.

Kwa hiyo gari halifai kupigwa kompaundi kila mara. Hatari ni kubwa zaidi kwenye kingo za milango na mikunjo ya boneti. Hapo mashine ikikaa sekunde chache zaidi inaweza kutoboa klia, na dawa yake ni kupaka rangi upya.

Pima kwa ukucha

Osha gari, likauke, kisha pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo.

- Ukucha usiponasa, mkwaruzo uko juu ya klia. Huo unaweza kuondoka au kupungua sana.
- Ukucha ukinasa, mkwaruzo umeingia ndani. Polishi italainisha kingo zake tu, na mstari utabaki.
- Ukiona praima au bati, hiyo ni kazi ya fundi rangi, tena mapema kabla ya kutu.
- Klia ikianza kubabuka au kuwa na mabaka meupe kama chokaa, hasa juu ya paa na boneti, hakuna polishi itakayoirudisha.

Magari mengi tunayoendesha yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Huenda yalishapigwa polishi kabla ya kupanda meli, na mengine yamepakwa rangi upya baadhi ya sehemu. Fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi anaweza kukuonyesha tofauti kati ya mlango mmoja na mwingine kabla hajawasha mashine.

Jihadhari na mng'ao wa wiki mbili

Nta na baadhi ya polishi zenye mafuta hufunika mikwaruzo bila kuiondoa. Si vibaya, na kwa gari lenye klia iliyochoka ndiyo njia salama. Shida ni pale unapouziwa kama marekebisho ya kudumu, au unaponunua gari lililong'arishwa hivyo jana yake. Baada ya kuoshwa mara kadhaa, kila kitu kinajitokeza.

Kabla ya kulipa, mwombe fundi ajaribu sehemu ndogo ya boneti, kama sentimita 30 kwa 30. Aipanguse kwa spiriti iliyochanganywa na maji ili mafuta yatoke, kisha iangalieni pamoja juani. Unachokiona hapo ndicho utakachopata gari zima. Asipokubali, tafuta mwingine.

Lengo linalofaa

Kwa gari la kila siku, lengo zuri ni lipendeze ukisimama hatua mbili, huku mikwaruzo michache mirefu ikiachwa ilivyo. Kuikimbiza yote ni kutumia klia ambayo utaihitaji miaka ijayo.

Kinachobaki ni kutunza. Mikwaruzo mingi hutokana na namna tunavyoosha. Usipanguse vumbi kavu kwa tambara. Limwagie maji kwanza. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye bodi. Kinyesi cha ndege kiondoe siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye jua kali kinakula klia. Halafu paka nta kila baada ya miezi michache. Nta haipunguzi klia, nayo ni rahisi kuliko kazi ya fundi rangi.