Kabla ya AC ya Olaya

Sisi tuliokulia kwenye fleti za Olaya, Riyadh, hatukujua kwamba dirisha linafunguliwa ili upepo uingie. Dirisha lilikuwa la kutazamia magari, basi. Baridi ilitoka darini, kwenye ile AC moja ya nyumba nzima, na amri ilikuwa moja: "Funga mlango, baridi inatoka!" Si hata mama yako alisema hivyo?

Halafu likizo, Unguja kwa bibi. Joto lipo, lakini ndani ya nyumba ya Mji Mkongwe unapumua. Bibi anaamka alfajiri anafungua madirisha, jua likipanda anafunga ya upande wa jua, jioni anafungua tena. Mimi nilidhani nyumba inajipoza yenyewe. Kumbe ni bibi.

Waarabu nao waliishi hivyo. Ukitembea Al-Balad, Jeddah ya zamani, utadhani umefika kwetu: kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba ambamo nyumba hii inaitilia kivuli nyumba ile, na yale madirisha makubwa ya mbao yaliyochomoza nje, wanayaita roshan. Ndiyo, ni ndugu wa neno letu roshani. Mle ndani waliweka mitungi ya maji: maji yanapenya udongo, upepo unayakausha, na yakikauka yanaondoka na joto. Riyadh ilikuwa ya udongo, na ua katikati ya nyumba, na wakati wa kiangazi watu walilala juu ya paa.

Olaya haikujengwa hivyo. Kuanzia 1968 Mgiriki Constantinos Doxiadis alichora mpango wa Riyadh mpya: miraba ya kilomita 2 kwa 2, barabara pana za gari, mji ukielekea kaskazini. Pesa za mafuta zilipokuja miaka ya 1970, nyumba zikasimama kila moja kwenye kiwanja chake, zege na vioo, jua linazipiga pande zote. Nyumba kama hiyo inategemea mashine ambayo Mmarekani Willis Carrier aliibuni 1902, tena si kwa ajili ya watu! Ilikuwa ya kiwanda cha uchapishaji Brooklyn, kwa sababu unyevu ulikuwa unaharibu karatasi.

Kabla ya AC za darini, Riyadh ilipenda boksi la maji dirishani: feni inavuta hewa kupitia nyasi zilizoloweshwa. Ni mtungi ule ule, umewekewa umeme. Riyadh lilifanya kazi vizuri kwa sababu hewa ni kavu. Jeddah, kando ya bahari, linakupa jasho tu.

Sasa, AC ya darini ina adui mmoja, vumbi. Hewa ya nyumba nzima inapita kwenye chujio moja. Likiziba, hewa haipiti, mabomba ya ndani yanaganda barafu, barafu ikiyeyuka maji yanadondoka kwenye kochi la wageni. Na mashine inaendelea kula umeme. Zamani nani alijali? Uniti 2,000 za mwanzo zilikuwa halala 5 kila moja, yaani riyali 100. Tarehe 1 Januari 2018 bei ikawa halala 18: riyali 360, bado kodi. Na tangu Julai 2017 kulikuwa na ada ya familia za wageni, riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi, ikipanda kila mwaka hadi 400 mwaka 2020. Kwetu, mama na watoto watatu, piga hesabu mwenyewe. Wenzangu wengi wa darasani "walirudi" Dar na Mombasa, miji ambayo hawakuwahi kuishi.

Sisi tulibaki, na mama akajifunza kuosha chujio. Kila baada ya wiki mbili, kila siku baada ya tufani ya vumbi: ngazi, maji ya bomba, sabuni kidogo, anika kivulini mpaka likauke kabisa. Baba hushika ngazi.

Gesi ni ya fundi, usiiguse. Nayo ina historia yake. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana Kigali, pale pale kwetu Afrika Mashariki, kupunguza gesi za AC zinazopasha dunia joto. Nchi za Ghuba zikapewa muda zaidi kuliko wengi, hadi 2028 ndipo zisimamishe ongezeko.

Ila fundi hapandi juani kati ya saa sita na saa tisa mchana kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Sheria inakataza, na ni haki. Kwa hiyo AC ikifa saa saba mchana wa Julai, mnangoja. Mwaka jana ilitukuta. Mama akachukua kanga mbili, akazilowesha, akazitundika mbele ya feni. Kwa ukavu wa Riyadh, tulipata ubaridi kweli.