Ndege Zilipita, Treni Ikasimama

Kwa njia ya angani, kutoka Kisumu hadi Port Bell, ng'ambo ya Ziwa Victoria, ni kama kilomita 240. Mwaka 1931 ndege za majini za Imperial Airways zilianza kutua kwenye bandari hizo mbili, zikielekea Mwanza na barua za kutoka Uingereza. Ndege zilivuka kwa saa moja na nusu hivi. Aliyepanda meli Kisumu alifika Entebbe kesho yake.

Sisi wa Tororo, mashariki mwa Uganda, hayo yote yalitupita kando. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, Kisumu yenyewe bado ilikuwa Uganda. Mwaka uliofuata ikahamishiwa upande wa Kenya ya leo, mpaka ukasogea hadi mlangoni kwetu. Shehena ya Uganda iliendelea kupakiwa melini kulekule, mbali na Mwamba wetu wa Tororo.

Tulikuja kuokolewa na njia ya milimani. Katika miaka ya 1920 reli mpya ilitoka Nakuru, ikapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ikateremkia Eldoret, ikavuka Malaba na kuingia Tororo. Mwaka 1929 tawi la Mbale na Soroti likafunguliwa, tukawa njia panda. Mwaka 1931, mwaka uleule wa ndege, reli ikafika Kampala.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli hapa, kazi yake kufungua na kuunga mabehewa. Aliinama kati ya mabehewa mawili, akalegeza kiungio cha chuma kilichojaa grisi, akatoka, akapuliza filimbi na kupepea bendera. Ya Soroti yalibaki, ya Kampala yakaenda. Wakati huo wote akina mama wa Kipadhola na Kiteso walikuwa madirishani na karanga, ndizi na mayai ya kuchemsha, na abiria waliteremka kunywa chai au kuulizia ndugu zao. Abiria hao walinung'unika kwamba wanacheleweshwa. Mimi nasema mji huu ulijengwa na kule kuchelewa.

Busia, mji mwenzetu wa mpakani, nao ulilelewa na barabara. Baiskeli zilivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya forodha, na riziki nyingi zilitoka kwenye kipande hicho kifupi. Sasa ukaguzi wa pande zote mbili unafanyika mahali pamoja, katika kituo kilichozinduliwa rasmi Februari 2018.

Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya Nairobi na Kampala ikakoma. Novemba 2024 ujenzi wa reli ya kisasa ya Malaba hadi Kampala, kilomita 272, ulizinduliwa. Wakubwa wanatueleza habari za kasi. Mimi nataka kujua itasimama stesheni zipi, kwa dakika ngapi, na msafiri wa Soroti atateremkia wapi.